Mbuzi, buji na televizyo: namna tulivyotengeneza kipindi cha sayansi kwa watoto wetu



Mtoto wa jirani yangu yuko kilasi cha sita. Jioni moja nilimkuta amekaa mlangoni, daftari mapajani, macho amefunga, anakariri somo la sayansi kwa Kifaransa. Alisema bila kukosea hata neno moja kwamba gazi karboniki haina rangi, haina harufu, na ni nzito kuliko hewa. Nilimsifu. Kesho yake asubuhi, kabla jua halijapanda, mama yake alimshika mkono akiwa ameshaweka mguu mmoja ndani ya shimo la mawe ya volkano nyuma ya kiwanja chao. Alikuwa anashuka kuokota mpira. Ni shimo ambalo kila mtu wa mtaa wetu anajua kwamba lina mazuku.

Kwa wasomaji wetu wa Bukavu, Uvira, Kalemie na Lubumbashi, ambao hawaishi na jambo hili, ngoja nieleze kidogo. Sisi wa Goma tumejenga juu ya mawe ya volkano. Upande wa magharibi wa mji, kandokando ya ziwa mpaka kuelekea Sake, kuna gazi inayotoka chini ya ardhi kupitia nyufa za mawe. Kwa sababu ni nzito kuliko hewa, haipandi juu. Inashuka na kulala ndani ya mashimo na mabonde madogo, kama maji yanavyotuama. Usiku na asubuhi mapema, wakati hakuna upepo, inajaa. Jua likiwaka na upepo ukivuma, inatawanyika. Mbwa akishuka mle hapandi tena. Mbuzi vilevile. Na watu pia tumezika. Wataalamu wa volkano wa dunia nzima wanatumia neno hili letu, mazuku, katika vitabu vyao. Na gazi yenyewe ni ileile ya daftari: gazi karboniki.

Kwa hiyo yule mtoto alikuwa nayo kichwani jioni, na asubuhi alikuwa anaingia ndani yake kwa miguu. Kwake vilikuwa vitu viwili visivyojuana, kimoja cha mtihani, kingine cha shimo.

Tulipokutana kwa mkutano wa kikundi siku ya Alhamisi, habari ile iliharibu ajenda yote. Tulipaswa kuzungumza juu ya likelemba. Badala yake tulizungumza juu ya watoto na televizyo. Kila jioni, umeme ukiwepo, watoto wa avenyu nzima wanajazana kwa jirani mwenye televizyo, wanatazama sinema za mapigano, na kesho yake wanarusha mateke njiani. Mama mmoja akauliza: kama wanaiga mateke, kwa nini wasiige na kitu cha akili? Mwingine, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, akasema kwamba vipindi vya sayansi kwa watoto vipo, na kuna watu ambao maisha yao yote ni kuvitengeneza. Tukampa kazi ya kutueleza. Alituletea maelezo mara tatu, na nataka niwape yale yaliyonigusa, kwa sababu yalitusaidia sana baadaye.

Alianza na Marekani, kwa mwanamke anayeitwa Joan Ganz Cooney. Mwaka 1968 aliongoza shirika jipya la kutengeneza vipindi vya televizyo kwa watoto, hasa watoto wa maskini ambao walifika shuleni wakiwa nyuma ya wenzao. Kipindi chao cha kwanza, Sesame Street, kilikuwa cha watoto wadogo wa kabla ya shule. Lakini kitu kilichonishangaza ni namna walivyokipima. Walimkalisha mtoto mbele ya televizyo, na pembeni yake wakaweka picha zinazobadilika kila baada ya sekunde saba na nusu. Halafu mtu akakaa kimya anaandika: sasa mtoto anatazama kipindi, sasa ameangalia picha, sasa amerudi. Mahali mtoto alipogeuza kichwa, walijua pale kipindi kimekufa. Mwezi wa saba mwaka 1969 walipima vipindi vya majaribio huko Philadelphia, wakakuta watoto wanageuza kichwa kila mara watu wazima wanapoongea peke yao barabarani bila vikaragosi. Wataalamu wa akili za watoto walikuwa wamekataza kuchanganya vikaragosi na watu. Watengenezaji wakawaheshimu wataalamu, lakini wakawafuata watoto: wakaingiza vikaragosi barabarani. Mwezi wa kumi na moja mwaka uleule kipindi kikaanza.

Shirika hilohilo, mwaka 1980, lilianzisha kipindi cha sayansi kwa watoto wa miaka 8 mpaka 12, umri wa wale wetu wa shule ya msingi. Kiliitwa 3-2-1 Contact. Kilionyeshwa siku tano kwa juma, na kila juma lilikuwa na jambo lake moja, mara nyingi mambo mawili yanayopingana: joto na baridi, kelele na kimya, mbali na karibu, kukua na kuoza. Majuma kumi na matatu, vipindi 65. Waliokiongoza walikuwa vijana watatu ambao si walimu wala madaktari, wanauliza tu na kujaribu. Na sikilizeni, wamama: kati ya hao watatu, wawili walikuwa wasichana. Haikuwa bahati. Tangu mwanzo walikuwa wameandika katika malengo yao kwamba msichana, na mtoto wa watu wanaodharauliwa, waone sayansi kuwa mlango ulio wazi kwao pia.

Halafu mwalimu wetu akaja na kile cha Ufaransa, ambacho baadhi yetu tulikuwa tumeshakiona: C'est pas sorcier. Kilianza mwaka 1993 na kikadumu zaidi ya miaka ishirini. Mtu mmoja, Fred, anatembea nje kwenye mlima, kiwandani, baharini. Mwenzake Jamy anabaki ndani ya lori kubwa na kueleza kwa vitu vidogo alivyotengeneza mezani, mfano wa mlima, mfano wa moyo, mfano wa daraja. Jina la kipindi ni msemo wa Kifaransa wenye maana ya kwamba jambo si gumu, lakini neno kwa neno linasema "si uchawi". Tulicheka sana kwa sababu kwetu, mtu akifa ndani ya mazuku, wazee wengine wanaanza kutafuta jina la mchawi.

Na mwisho akatuonyesha kwenye telefone yake Ubongo Kids, inayotengenezwa Dar es Salaam, kwa Kiswahili. Ilianza kuonyeshwa Tanzania mwezi wa kwanza mwaka 2014. Ni katuni za hesabu na sayansi, zenye nyimbo, wanyama na watoto wa Kiafrika wenye shida za kila siku ambazo hesabu inatatua. Walifikiri hata juu ya mtoto ambaye kwao hakuna kompyuta: kipindi kiliuliza swali lenye majibu ya kuchagua, na mtoto aliweza kujibu kwa ujumbe mfupi kupitia telefone ya kawaida ya mzazi. Watoto wangu walikitazama mara tatu mfululizo. Kiswahili cha Dar kiliwashinda hapa na pale, lakini wimbo waliushika.

Basi, mtu atasema, kama vitu vizuri namna hii vipo, ninyi mlitaka kuongeza nini? Jibu ni mazuku. Hakuna mtu wa Paris wala wa Dar ambaye atatengeneza kipindi juu ya shimo la nyuma ya kiwanja chetu.

Tulianza vibaya. Nawaambia waziwazi ili kikundi kingine kisipoteze Jumamosi mbili kama sisi. Tulimwomba baba mmoja mwenye sauti nzuri avae koti na asimame mbele ya ukuta. Tukaweka telefone juu ya viti viwili tukarekodi. Akasema dakika tisa bila kupumzika, Kifaransa na Kiswahili, juu ya volkano, mlipuko wa mwaka 1977, wa mwaka 2002, wa mwaka 2021, gazi, moshi, maonyo. Tulipiga makofi. Tuliona tumetengeneza televizyo ya kweli.

Halafu tukawaita watoto kumi na wawili, tukafanya kama wale Wamarekani, ila kwetu hatukuhitaji picha za kubadilika: mlango ulikuwa wazi na kuku walikuwa wanapita. Mimi nilipewa kalamu na kazi ya kuhesabu vichwa. Dakika ya kwanza, vichwa kumi na viwili kwenye kioo. Dakika ya tatu, watano. Dakika ya tano, watoto wote walikuwa wanatazama kuku, na mmoja alikuwa ameanza kumtupia punje za mahindi. Tulipouliza mwishoni mazuku ni nini, mtoto wa kilasi cha nne alijibu: "Ni koti ya papa." Yule baba, kwa heshima yake, alicheka kuliko sisi.

Tukaanza upya. Mwalimu wetu alisema tuchague swali moja tu, tena swali la mtoto, si jibu la mkubwa. Tulitumwa nyumbani kuwauliza watoto wetu wanajiuliza nini juu ya mazuku. Maswali yaliyorudi yalikuwa mazuri kuliko yale ya wakubwa. Kwa nini mbuzi anakufa na baba aliyesimama pembeni hafi? Kwa nini asubuhi na si saa sita mchana? Kwa nini hatuioni? Tukachukua la kwanza. Kwa nini mbuzi na si baba? Kwa sababu mbuzi ni mfupi. Gazi imelala chini, pua ya mbuzi iko chini. Na pua ya mtoto wa miaka sita haiko mbali na ile ya mbuzi.

Kuhusu lugha tulibishana. Wengine walitaka Kifaransa, kwa sababu ndicho cha mtihani. Wengine walikumbusha kwamba hata sheria ya masomo ya mwaka 2014 inakubali lugha za taifa katika kufundisha watoto wa shule ya msingi. Tulikubaliana hivi: watoto waongee Kiswahili cha nyumbani, kile chetu, na jina la daftari, gazi karboniki, litajwe mara nyingi mpaka mtoto ajue kwamba mazuku na gazi karboniki ni kitu kimoja. Vitabu vya Tanzania vina neno lingine, kabonidayoksaidi, lakini hilo tuliliacha. Mtihani hauliulizi na shimo halilijui.

Sasa ikabidi tuonyeshe kitu kisichoonekana. Mama anayeuza mikate sokoni alituazima kisanduku chake cha vioo. Tulitoa kifuniko cha juu. Ndani tukapanga mishumaa mitatu, buji kama tunavyosema: moja chini kabisa, ya pili juu ya kopo dogo la tomati, ya tatu juu ya kopo refu la maziwa. Katikati tukaweka bakuli lenye bikarbonati, ileile tunayotia kwenye sombe. Buji zikiwaka, mtoto anamwaga vinegri taratibu ndani ya bakuli. Inatoa povu, na povu lile ni gazi karboniki inayotoka. Inajaa kisanduku kuanzia chini. Buji ya chini inazima. Unangoja. Ya katikati inazima. Ya juu inabaki inawaka peke yake. Hakuna aliyepuliza. Nimeona jambo hili mara sita sasa na bado nywele zinanisimama.

Mara ya kwanza halikufanikiwa. Povu lilitoka, buji zote tatu zikaendelea kuwaka kana kwamba zinatucheka. Tuliongeza bikarbonati, bado. Tulikuwa tumefungua mlango na dirisha ili tupate mwanga wa kurekodi, na upepo wa ziwa ulikuwa unapita moja kwa moja juu ya kisanduku. Msichana mmoja wa kilasi cha tano, ambaye tulikuwa tumempa kazi ya kushika sahani, ndiye aliyesema: "Upepo unaibeba. Ni kama mchana." Tulinyamaza. Alikuwa amejibu swali la pili la orodha yetu, kwa nini asubuhi na si saa sita mchana, bila mtu kumfundisha. Tuliomba arudie mbele ya telefone, na tulifunga mlango tukafanya tena. Katika kipindi chetu mliona, au mtaona, kwamba kosa lile limebaki. Hatukulikata. Ndilo watoto wanalolipenda kuliko yote, kwa sababu wakubwa wameshindwa na mtoto ameona.

Lakini kuna jambo jingine kuhusu msichana yule. Tulipotazama picha za mara ya kwanza, mama mmoja aliuliza kwa sauti ndogo: mbona wanaomwaga na kuwasha ni wavulana, na wasichana wanashika sahani? Tulikuwa wamama tisa ndani ya nyumba ile. Sisi ndio tuliogawa kazi. Hakuna mwanaume aliyetulazimisha. Mara ya pili, yule wa sahani ndiye aliyemwaga, na mvulana mmoja akashika sahani, akanuna kidogo, akapona.

Juu ya ufundi nitasema maneno machache tu. Picha si ngumu, sauti ndiyo ngumu. Mvua ikianza juu ya mabati, funga kazi, rudini kesho. Mtoto asisome karatasi. Mweleze, halafu aseme kwa maneno yake, hata akirudia mara nne. Telefone isishikwe mkononi, mkono unatetemeka. Chaji telefone mbili, maana umeme haujui ratiba yenu. Na msizidishe dakika nane.

Tulipomaliza, tuliona ni vizuri sana. Tukawaita tena wale kumi na wawili, pamoja na wengine wapya. Hakuna aliyemtazama kuku. Buji ya chini ilipozima walipiga kelele. Nilikuwa nimeshakunja karatasi yangu ya kuhesabu, nina furaha. Ndipo mwalimu wetu akawauliza: "Sasa kesho mtafanya nini?" Mvulana mmoja wa miaka tisa akasimama, uso unang'aa: "Nitashuka na buji kwenye lile shimo. Ikizima, nitajua mazuku iko. Isipozima, nitachukua mpira wangu."

Wamama, niliishiwa nguvu. Kipindi chetu kizuri kilikuwa kimempa mtoto sababu mpya ya kushuka.

Tulikwenda kumwona mtu ambaye kazi yake ni mambo ya volkano, na alitueleza jambo ambalo mimi sikulijua, na ambalo naomba kila mama alishike. Buji inazima wakati oksijeni ya kuiwasha imepungua sana. Lakini mtu haumii kwa kukosa oksijeni tu. Gazi karboniki yenyewe inamwangusha. Ikifika sehemu kumi kwa mia ya hewa anayovuta, mtu anazimia ndani ya dakika chache, na katika hewa ya namna hiyo buji inaweza kuwa bado inawaka. Yaani mtoto angeweza kuanguka akiwa ameshika mwali mkononi. Alituambia pia kwamba mara nyingi anayekufa wa pili ni yule aliyeshuka kumwokoa wa kwanza.

Hatukuonyesha kipindi kile. Kulikuwa na waliosema tukiache kabisa, kwamba sayansi nusu ni mbaya kuliko kutojua. Wengine tukasema kutojua ndiko kulikokuwa kunamshusha mtoto wa kilasi cha sita asubuhi ile. Kwa siku mbili hatukuelewana vizuri. Mwishoni tulikata shauri kurekodi sehemu ya mwisho mpya. Hatukuirekodi kwenye shimo la mazuku. Tulikataa hata kupeleka telefone huko, ingawa kijana mmoja alijitolea. Tulitumia shimo la kawaida la mchanga kando ya njia, mahali pa wazi penye upepo, saa saba mchana.

Msichana wetu amesimama ukingoni. Chini kuna mpira. Mkononi ana buji. Anaitazama, halafu anasema kwamba buji haimjulishi kitu, kwa sababu yeye si buji, yeye anapumua. Anaizima mwenyewe, anaiweka mfukoni. Anarudi nyuma hatua kumi, anahesabu kwa sauti. Anaita watu wazima. Ni hayo tu. Hakuna muziki.

Tuliwaita watoto mara ya tatu. Tulimuuliza yule mvulana wa miaka tisa kwanza. "Nitaita," alisema. "Mpira nitashona mwingine." Tulianza kupumua. Lakini mwingine nyuma yake, mdogo, mwenye fimbo ya kuchungia, aliinua mkono. "Na kama ni mbuzi?" Tukamwambia ni vilevile, asishuke. Akatutazama kama watu wasioelewa shida za dunia. "Nikirudi bila mbuzi, mama atanipiga."

Hapo hakuna kamera inayosaidia. Tunaweza kutengeneza vipindi mia, na swali la mtoto yule halijibiwi kwenye kioo. Ndiyo maana tulipanga kwamba kipindi hiki kisionyeshwe kwa watoto peke yao. Kituo kimoja cha televizyo cha mji kilitutaka tulipe dakika za hewani, na kisanduku cha kikundi hakikutosha, kwa hiyo tunazunguka nacho: kwenye shule, baada ya ibada, uwanjani kwa mwenye projekta, na kwa kupeana kutoka telefone moja hadi nyingine bila kutumia mega. Kila mahali tunaomba wamama wakae pamoja na watoto wao, si nyuma kwenye mabenchi ya wageni. Kikundi chochote kinachotaka nakala kilete kadi ya telefone kwenye mkutano wa Alhamisi. Ambao mnataka kurekodi cha kwenu, juu ya maji ya kuchemsha, au juu ya chukudu, kwa nini inashuka haraka kuliko gari wakati haina injini, njoni tuwaazime kisanduku cha vioo. Mwenye mikate anakihitaji Jumanne na Ijumaa.

Siku ya kwanza tulipokionyesha mbele ya wazazi, yule mdogo mwenye fimbo alikuwepo, na mama yake pia, amekaa na mtoto mwingine mgongoni. Kipindi kilipokwisha, mwalimu wetu alimwomba mtoto arudie swali lake mbele ya watu wote. Aliogopa, lakini alilirudia. Watu wengine walicheka. Mama yake hakucheka. Alifikiri kwa muda, akasema: "Mbuzi ikishuka mule, uiache."

Mtoto akamwangalia vizuri, kama anayehakikisha bei.

"Hata ile yenye mimba?"

"Hata ile yenye mimba."